Sauti ya Juu ya Kabati

JUMATATU, SAA NNE ASUBUHI

Mjomba alichora nyumba nyuma ya boksi la kamera. Boksi lenyewe lilikuwa la kamera zile zile zilizofungwa ndani ya nyumba hiyo, na jambo hilo lilimfurahisha. Alichora geti. Akachora korido. Akachora vyumba vitatu, jiko, bafu. Mwisho wa korido akachora mraba mdogo, akaukoleza wino mpaka karatasi ikakaribia kutoboka.

"Stoo," alisema. "Na ndani ya stoo, sefu."

Walikuwa wanne kwenye chumba cha nyuma cha duka. Mlango wa mbele umefungwa, kibao kimegeuzwa: tumetoka, tutarudi. Feni inazunguka, hewa haisogei.

Mjomba alikuwa mjomba wa kweli, wala si wa mtaani. Kaka wa mama yake Waya, tumbo moja. Mtu wa hamsini na kitu, shati limepigwa pasi, sauti ya chini. Hajawahi kumgombeza mtu, na hakuna aliyewahi kumwambia hapana. Kucha alikuwa mtu wa milango na kufuli. Kucha zake amezitafuna mpaka nyama. Dereva alikuwa dereva, basi, na maneno yake kwa siku nzima ungeweza kuyahesabu kwa mkono mmoja. Waya ndiye aliyekuwa na duka. Kijana wa miaka ishirini na saba, anauza na kufunga kamera zisizo na waya, ndiyo sababu mtaa ukaamua kumcheka kwa jina hilo.

"Jumatano," Mjomba alisema. "Mwenye nyumba anampeleka mama yake kliniki ya macho. Saa tatu wanatoka. Saa tatu na robo dada wa kazi anaenda sokoni, anakaa dakika arobaini. Nimekosea, Waya?"

"Hujakosea."

"Namba za sefu?"

"Ninazo. Tarakimu sita."

Kucha alikohoa. "Na nyuso? Tuvae kofia za kufunika?"

"Uifiche sura yako kwa kamera yako mwenyewe?" Mjomba alitabasamu. "Kamera ni za kwetu, bwana. Tukimaliza, mpwa wangu anafuta kila kitu kwa kidole. Mtu aliyejifunga kitambaa usoni mchana kweupe ndiye majirani wanayemwangalia. Tunaingia kama watu wanaokuja kupima pazia."

Dereva akacheka puani.

"Bibi, huyo mama yake, hatakuwepo," Waya alisema. Hakuna aliyemuuliza.

Mjomba akamgeukia taratibu. "Akiwepo?"

"Hatakuwepo."

"Nimeuliza akiwepo."

"Nitakwambia."

"Utaniambia. Na mimi nitajua la kufanya." Aliweka kifuniko kwenye kalamu. "Jicho lililoniona bila kitambaa haliwezi kwenda kunieleza kwa watu. Hilo kila mtu hapa analijua."

Feni ikazunguka. Waya akaangalia ule mraba wa wino, akatikisa kichwa kukubali.

Sasa ujue kamera zile zilifikaje kule.

Wiki tatu kabla, mama mmoja wa makamo aliingia dukani, mkoba kwapani, miwani ya kazi ikining'inia shingoni. Alikuwa sonara. Paa la duka lake mjini lilikuwa linabomolewa, akahamishia dhahabu za wateja nyumbani mpaka mafundi wamalize. Aliyasema yote hayo kabla hajaulizwa. Watu humwambia fundi mambo wasiyomwambia hata shemeji.

"Nataka kamera, mwanangu. Lakini kuta zangu zisitobolewe."

"Basi zisizo na waya, mama. Kuna za betri na za kuchomeka kwenye umeme."

"Ipi nzuri?"

"Ya betri unaweka popote, ila uichaji. Inalala, mtu akipita inaamka. Ya umeme haifumbi jicho. Zote zinataka waifai."

"Umeme ukikatika?"

"Ya betri inabaki macho, lakini ruta ikizima haina pa kutuma. Wewe kwenye simu huoni kitu. Inaandika tu kwenye kadi yake, hapa ubavuni."

Sonara aliigeuza kamera mkononi kama anavyogeuza pete, akiitafutia kasoro. "Na hili tundu?"

"Spika. Inaongea na kusikia. Wewe uko kazini, unabonyeza hapa, unaongea na mtu aliye nyumbani. Na hapa ni king'ora, mwizi akiingia."

Sonara akaligusa lile tundu kwa ukucha. "Mama yangu anasahau dawa," alisema. "Nipe hizo zinazoongea. Nne."

Waya alienda kufunga mwenyewe. Moja getini. Moja sebuleni. Moja koridoni, juu ya kabati la mashuka. Ya nne Sonara aliitaka stoo, iangalie sefu uso kwa uso. "Nimwone atakayeigusa," alisema.

Waya alijua. Kamera inayoangalia sefu inaviangalia pia vidole vya mwenye sefu. Fundi mwaminifu angesema: mama, igeuze iangalie mlango. Waya alipanda ngazi, akafunga, akashuka.

"Pasiwedi tuweke nini, mama?"

"Weka yoyote, mwanangu. Mimi hayo mambo yananichanganya."

Akaweka ile anayoiweka kila nyumba. Neno moja, nyumba zote. Akaziandikisha kamera kwa barua pepe yake yeye, kisha akaichukua simu ya Sonara, akamwingiza kama mgeni. Hapo usipapite haraka, mzazi mwenzangu unayesoma. Kwenye kamera za nyumba yake mwenyewe, mwenye nyumba ndiye aliyekuwa mgeni. Akamletea fundi soda baridi na kumwombea baraka.

Kilichobaki ni kujaribu sauti. Waya alitoka nje ya geti, akabonyeza alama ya maiki. "Habari ya humo ndani?"

Sauti ya kizee ikajibu kutoka koridoni. "Nzuri, mwanangu. Uko wapi, mbona sikuoni?"

"Niko juu ya kabati, Bibi."

Alisema kwa utani. Bibi hakuuchukua kama utani.

Kuanzia hapo wakawa wanaitazama nyumba ile kwa zamu, Waya asubuhi, Dereva mchana. Mjomba ndiye aliyeamuru simu ya Dereva nayo iwekewe kamera za nyumba zote alizofunga Waya, hii na nyinginezo, maana simu moja inaweza kuangukia kwenye ndoo ya maji. Waliona saa za kutoka, saa za kurudi, mahali pa kuficha ufunguo. Waliona vidole vya Sonara vikicheza kwenye namba za sefu, jioni mbili mfululizo, wazi kama kusoma bango.

Na Waya alimwona Bibi. Mwanamke mdogo wa umbo, kichwa chake kinaingia na kutoka kwenye leo kama mtu aliyesahau alichofuata. Shughuli yake ya siku nzima ilikuwa kutafuta miwani. Siku ya tatu alizunguka korido mara saba, akaketi kwenye kiti, akaanza kulia polepole, bila sauti. Waya alikuwa anaiona ile miwani. Ilikuwa sebuleni, juu ya redio. Kidole kikaenda chenyewe.

"Bibi. Iko juu ya redio."

Bibi akainua uso. "Wewe wa kabatini?"

"Mimi."

"Ahsante, mwanangu. Umekula?"

Siku hiyo hakuna mtu mwingine aliyemuuliza Waya kama amekula. Akazoea. Mara miwani, mara kandambili moja, mara birika lililosikika likichemka jikoni bila mtu. Mjomba na wenzake hakuwaambia. Angewaambia nini?

JUMANNE, SAA NANE MCHANA

Umeme ulikatika mtaa ule. Kioo cha simu kikawa kijivu, kamera zote nne: hakuna mawasiliano. Ukarudi saa kumi na moja jioni. Bibi alikuwa sebuleni, mgongo kwa kamera, shali lake la kahawia mabegani. Dada wa kazi anakunja nguo.

Waya alimpigia Mjomba. "Masaa matatu mazima hatukuona kitu."

"Masaa matatu ya mchana. Watu wamelala."

"Tungeangalia siku moja zaidi."

"Wiki ijayo paa la duka limeisha na mzigo unarudi mjini." Mjomba alipumua kwenye simu. "Una nini wewe? Mama yako aliniambia huli vizuri."

"Sina kitu, Mjomba."

"Basi kesho."

JUMATANO, SAA TATU NA DAKIKA TANO ASUBUHI

Waya alikaa peke yake kwenye chumba cha nyuma, simu mbili mezani. Moja imeunganishwa na sikio la Mjomba. Nyingine imefungua kamera.

Geti likafunguka. Gari la Sonara likatoka kwa mwendo wa pole. Kiti cha pembeni ameketi mzee mwenye shali la kahawia, amejifunika nalo hadi kichwani.

"Bibi ameondoka," Waya alisema.

"Umemwona?"

"Nimeona shali lake."

SAA TATU NA DAKIKA KUMI NA NANE

Dada wa kazi alitoka na kikapu, akarudi, akachukua mwavuli, akatoka tena. Kufuli la geti likaning'inia.

"Nyumba tupu."

"Zima simu ya yule sonara."

Waya aligusa mara mbili. Kule alikokuwa Sonara, simu yake isingelia tena hata nyumba ingeota moto.

SAA TATU NA NUSU

Gari jeupe likasimama. Kucha akashuka na begi la nguo, Mjomba nyuma yake na futi ya fundi cherehani shingoni, kama alivyosema. Kufuli lilimchukua Kucha muda wa kupiga chafya. Mlango wa mbele, chafya mbili. Kamera ya korido ikaamka, ikawaonyesha wanapita, nyuso wazi. Mjomba aliinua macho juu ya kabati akakonyeza.

SAA TATU NA DAKIKA THELATHINI NA NNE

Stoo. Kidole cha Mjomba kwenye namba. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Mlango wa sefu ukafunguka bila kelele. Kucha alipiga goti, akaanza kuhamisha vijaluba kwenda kwenye begi, kila kijaluba na karatasi yake ya jina la mteja. Pete za watu. Heleni za mabinti wa watu.

"Dakika tatu," Mjomba alisema.

Ndipo ile kamera ya korido, iliyokuwa imelala tena, ikaamka.

Mlango wa chumba cha katikati ulikuwa wazi. Chumbani hapakuwa na kamera. Sonara alikataa, akisema mtu akalale wapi kwa amani. Na nje ya mlango ule, mkono mmoja ukutani, amesimama Bibi.



Yalikuja kujulikana baadaye. Umeme ulipokuwa umekatika, mdogo wake Bibi alifika na jicho limevimba. Bibi akasema hawezi kwenda kliniki mwenzake anateseka, nafasi yangu mpeni yeye. Kulikuwa na baridi, akamfunika na shali lake mwenyewe tangu jioni ile hadi asubuhi. Na yule aliyeonekana jioni mgongo kwa kamera hakuwa Bibi.

Bibi alichungulia kushoto. Akachungulia kulia, upande wa stoo. Mlango wa stoo umebaki wazi kidogo.

"Mwanangu?" aliita. "Umerudi?"

"Vipi huko?" sauti ya Mjomba sikioni. "Nimesikia kitu."

"Shwari," Waya alisema.

Bibi akapiga hatua. Hatua nane zingemfikisha stoo. Bafu lilikuwa katikati, upande wa kulia, mlango wa mbao nzito na komeo la chuma kwa ndani. Waya alilijua komeo lile. Siku ya kufunga kamera alinawa mikono humo.

Akimwambia Mjomba, Bibi amekwisha. Akinyamaza, amekwisha baada ya hatua nane. Sasa saba.

Akabonyeza maiki.

"Bibi." Alijaribu kunong'ona. Spika za namna ile hazijui kunong'ona. "Bibi, simama hapo."

Bibi akasimama, uso ukachanua. "Wa kabatini. Leo umechelewa."

"Miwani iko bafuni. Ingia bafuni."

"Nimetoka huko."

"Ingia tena, Bibi wangu. Ufunge komeo. Usimfungulie mtu."

"Hata wewe?"

"Hata mimi."

Bibi alifikiri. Waya aliyaona mawazo yakimpita usoni, moja moja, bila haraka hata kidogo. Kisha akaingia. Komeo likagonga chuma.

Mlango wa stoo ukafunguka.

Mjomba alisimama koridoni na kutazama mlango wa bafu. Halafu akainua uso, akatazama juu ya kabati. Sauti ya mpwa wake alikuwa ameisikia kutoka pande mbili kwa pamoja: sikioni, na ukutani.

"Nani yumo?"

"Hakuna mtu, Mjomba."

"Nimekusikia unamwita mtu 'Bibi wangu'."

"Hajawaona. Chukueni mtoke. Nakuomba."

"Kanisikia sauti. Anakujua na wewe, mbona? Mnaongea kama watu wa nyumba moja." Hakupaza sauti. "Lini mlianza?"

Kucha alitokea na begi begani. "Mzee, twende."

"Lete mtaimbo."

"Mzee, mzigo tunao."

"Kucha. Mtaimbo."

Kucha akampa, halafu akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Mjomba aliuegesha mtaimbo kwenye ufa wa mlango wa bafu. Kabla ya kusukuma, alisogeza mdomo karibu na mbao, na alipoongea, sauti ilikuwa laini, ya mtoto aliyelelewa vizuri.

"Bibi, fungua. Nimekuletea miwani yako."

Ndani kandambili zikaburuzika. Halafu: "Wewe siye."

"Ndiye mimi, Bibi. Wa kabatini."

"Yeye amesema hata yeye nisimfungulie."

Mbao ikalia. Ufa ukapanuka upana wa kidole. Waya aliusikia mkono wa mama yake begani, kama siku ile alipomwambia: mshike mjomba wako, ndiye baba uliyebaki naye. Alikuwa na miaka tisa. Alimshika miaka kumi na minane.

Akabonyeza king'ora. Cha korido. Cha sebule. Cha stoo. Cha geti.

SAA TATU NA DAKIKA AROBAINI

Vinne kwa pamoja, mtaa mzima uliruka. Dereva hakusubiri kuona ni nini. Gari jeupe lilitoka matairi yakilia, mlango mmoja wazi. Kucha alikimbilia geti na begi. Lakini dada wa kazi alikuwa amekumbuka njiani mfuko wa nailoni na kurudi kuufuata. Alikuta kufuli halipo na king'ora kinalia, akafanya jambo ambalo wanne wale hawakulipanga kwenye boksi lolote: alivuta geti kutoka nje, akapitisha mpini wa mwavuli kwenye pete za kufuli, akaanza kupiga kelele za mwizi. Sauti yake ilishinda ya king'ora.

Kucha alikamatwa na majirani geti likiwa mikononi mwake, begi bado begani.

Mjomba alitokea dirisha la jiko. Ukuta wa nyuma ulikuwa na vipande vya chupa juu. Alipanda hivyo hivyo. Damu ilibaki kwenye ukuta, mstari mmoja mrefu.

Dukani, simu iliyounganishwa na sikio la Mjomba ilikuwa bado hewani. Waya alimsikia akihema, akikimbia, akisimamisha pikipiki. Kisha akamsikia akisema na dereva wa pikipiki, kwa adabu, anakokwenda.

Simu ikakatwa.

Mezani, simu ya kamera ilimwuliza Waya swali alilolipanga mwenyewe tangu juzi: Futa picha zote? Ndiyo. Hapana.

Kwenye kadi zile kulikuwa na sura ya Mjomba, sura ya Kucha, na sauti yake yeye, wazi kama alikuwa chumbani. Kugusa mara moja, na asubuhi ile haikuwahi kuwepo. Kucha asingesema, hao hawasemi.

Alikumbuka anwani aliyomsikia Mjomba akiitaja.

Akagusa Hapana.

SAA NNE NA DAKIKA TANO

Mama yake alikuwa na kamera jikoni. Waya alimfungia mwaka jana, zawadi, apate kumwona akiwa kazini. Mjomba akaomba naye awekewe kwenye simu: nimwone dada yangu anaendeleaje. Nani angemkatalia kaka kumwona dada yake?

Waya aliifungua. Mama amepiga magoti, beseni la maji ya uvuguvugu mbele yake. Ameshika mguu wa kaka yake na kuuosha, na maji yalikuwa mekundu.

"Umeanguka na pikipiki, mtu mzima na akili zako," mama alikuwa anasema. "Ingekuwa kichwa je?"

"Dada, mwite kijana aje."

"Yuko kazini."

"Mwite. Anakusikia." Mjomba alinyoosha kidole juu, kwenye kamera. "Mwambie mjomba wako anakusubiri mezani."

Mama akageuka na kuutabasamia ukuta. "Mwanangu, kama unasikia, mjomba wako kaumia. Njoo ule naye, nimebandika chai."

Nyuma yake, Mjomba alisimama kwa mguu mmoja, akauegemea ukuta, mkono ukaja mpaka ukajaza kioo chote. Betri ikachomolewa. Kijivu.

Waya alipiga namba ya polisi akiwa tayari anakimbia. Alitaja jina lake. Akataja kazi yake. Akaeleza ile nyumba ya king'ora. Kisha akataja nyumba ya mama yake, mlango wa rangi gani, unafunguka upande gani.

"Na wewe utakuwa wapi?" waliuliza.

"Hapo hapo."

SAA NNE NA DAKIKA ISHIRINI NA TANO

Mlango haukufungwa. Mjomba ameketi mezani, mguu umefungwa kwa kanga ya mama, anamenya chungwa kwa kisu cha jikoni. Ganda linashuka zima zima. Betri ya kamera iko kando ya bakuli la sukari.

"Karibu," alisema. "Kaa."

Waya akakaa. Mama alikuwa jikoni anahangaika na vikombe.

"Kucha?"

"Wamemkamata."

"Kadi?"

"Sijafuta."

Kisu kikasimama. Kikaendelea. "Kwa nini, Waya? Nieleze nielewe. Kizee hakikujui, hukijui."

"Aliniita mwanangu."

Mjomba akamwangalia muda mrefu. Waya hakuwahi kuyaona macho yake yakiwa mekundu hivyo.

"Na mimi nakuita nani?"

Mama akaingia na sinia, akalitua katikati yao, akamimina. Mjomba hakukiweka kisu chini. Mama alipita nyuma ya kiti cha kaka yake, akamwekea mkono begani, na Mjomba akaushika mkono ule kwa mkono uliobaki. Akaushika sana.

"Unaniumiza, kaka."

"Kaa na mimi kidogo, dada. Huyu kijana ana neno anataka kusema."

Waya alitazama mkono wa mama yake ndani ya mkono ule. Alitazama kisu. Chai ilitoa mvuke katikati.

"Nimewaita, Mjomba," alisema. "Wako njiani. Nimewaambia nipo na mimi. Tutaenda wote. Mwachie."

Nje, gari likafunga breki. Halafu la pili. Mjomba alisikiliza milango ikifunguka. Akamwangalia dada yake, aliyekuwa bado anacheka kidogo kwa kutoelewa. Kisha akaweka kisu juu ya ganda la chungwa, akauachia mkono.

"Ulimlea vizuri," alimwambia. Hakulisema kama sifa.

Polisi waliwatoa wawili, pingu moja, mjomba na mpwa. Mama alisimama mlangoni na birika mkononi. "Umewaleta watu gani nyumbani kwangu?" alimuuliza mwanawe. "Wamchukue kaka yangu umewaleta wewe?" Waya aliinamisha kichwa akaingia garini. Mama hakumtembelea mwaka mzima, na alipokuja, alimuuliza swali lile lile.

Sonara alirudishiwa dhahabu zote, hakikupungua kijaluba. Alibadilisha pasiwedi mwenyewe, akasumbuka usiku na mchana mpaka akaziandikisha kamera kwa jina lake, akaigeuza ya stoo iangalie mlango. Bibi hakuumia. Lakini kila akipoteza miwani husimama chini ya kabati na kuinua uso. "Wa kabatini," huita. "Upo?" Husubiri kidogo. Kisha huenda kutafuta mwenyewe.

Dereva hawajampata. Gari jeupe lilikutwa limetelekezwa, simu yake haikuwemo, na pasiwedi ya akaunti ya Waya ilikuwa imebadilishwa. Polisi walimwomba Waya orodha ya nyumba alizofunga, akakumbuka kumi na tisa. Nyingine hakuzikumbuka. Ni wateja wa kupita, mama mmoja hapa, baba mmoja kule, watu waliomwambia weka yoyote, mwanangu.

Katika mojawapo ya hizo, mama alikuwa anamvisha mtoto sare za shule sebuleni. Anamfunga vifungo, anamwimbia. Simu ya mama iko chumbani, inachajiwa. Baba yuko kazini, simu yake mfukoni.

Juu ya kabati la vyombo, taa ndogo ya buluu, ile inayowaka mtu anapotazama, ikawaka.